Taa ya onyo haizimwi kwa kufunikwa

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mimi nimejifunza, kwa gharama ambayo bado naikatwa katika mshahara wangu kila mwezi, kwamba dalili ya gari gonjwa ni taa ya manjano isiyozidi ukubwa wa ukucha. Nimejifunza pia kwamba binadamu akiletewa onyo asilolitaka, jambo la kwanza analolifanya si kuuliza linasema nini, bali ni kutafuta namna ya kulinyamazisha. Leo nataka kuyaeleza yaliyonifika, wala si kwa kujisifu, maana hamna la kujisifia, bali kwa sababu naamini kwamba kosa nililolitenda barabarani ndilo wengi wetu tunalolitenda darasani.

Miaka mitatu iliyopita, baada ya kuweka akiba kwa muda mrefu na kuchukua mkopo katika chama chetu cha ushirika, nilinunua gari dogo lililokwisha kutumika. Kama mengi yanayoonekana katika barabara zetu, lilikuwa limetoka Japani. Kanuni za Kenya huruhusu gari kama hilo kuingizwa nchini maadamu halijapita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Huko Japani kwenyewe magari ya watu binafsi hukaguliwa kwa ukali, mara ya kwanza yakiwa na umri wa miaka 3, na baadaye kila baada ya miaka 2, na gharama za ukaguzi huo huwafanya wenyeji wengi waone afadhali kuyauza. Ndipo gari linalohesabiwa kuwa kuukuu Osaka linapopokewa kwa vigelegele Kakamega. Langu, hata hivyo, halikunijia moja kwa moja kutoka bandarini, kwani lilikuwa limetumika kwa miaka sita mikononi mwa Mkenya mwenzangu.

Siku nililolinunua lilimeta kama sahani ya harusi. Nilikagua rangi, nikabonyeza viti, nikapiga magurudumu teke kama nilivyoona wajuzi wakifanya. Ndani yake mlikuwa na kitabu cha maelezo kilichoandikwa kwa Kijapani tangu jalada hadi jalada, na redio iliyotengenezewa masafa ya huko, hata ikawa haiwezi kunasa stesheni zetu nyingi. Niliyacheka hayo yote. Dashibodi ilikuwa safi, haikuwa na taa hata moja iliyowaka injini ilipokuwa ikinguruma, nami nikalipa.

Katika wiki ya pili, nikiwa njiani kwenda shuleni, taa ya manjano yenye umbo la injini iliwaka mbele ya macho yangu. Nilisimamisha gari, nikafungua boneti, nikaitazama injini kama mtu anayetazama maandishi ya Kijapani. Hapakuwa na moshi, hapakuwa na harufu, wala hapakuwa na sauti ya ajabu. Nikaendelea na safari, lakini tangu siku ile taa hiyo ikawa mwenzangu asiyealikwa. Asubuhi ilinisalimu, jioni ikanisindikiza, na usiku ikanikodolea jicho gizani.

Nilipoyaeleza hayo katika chumba cha walimu, nilipewa ushauri wa kila aina. Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba yake ilikuwa imewaka kwa miaka miwili na gari lilikuwa bado linatembea. Mwingine alisema kwamba magari yote ya Kijapani huwa na ugonjwa huo yakionja petroli yetu. Wa tatu, ambaye hana gari, alinishauri nisitazame upande ule. Nikaenda kwa fundi aliyekuwa karibu na soko. Akachomeka kifaa kidogo chini ya usukani, akabonyeza mara mbili, na taa ikazimika. "Mwalimu, nenda salama," akaniambia. Nilimlipa shilingi elfu moja, nikamshukuru kwa dhati. Siku ya nne taa ilirudi. Nikamrudia, akaizima tena, nayo ikarudi tena. Mara ya tatu akanipa shauri la kirafiki: angeweza kuifungua dashibodi na kuikata taa ile kabisa, nisisumbuke tena maishani.

Nilikataa, lakini si kwa sababu ya hekima. Nilikataa kwa kuwa bei yake ilikuwa kubwa. Nilirudi nyumbani, nikakata kipande cha kanda nyeusi ya kufungia nyaya za umeme, nikakibandika juu ya kioo mahali palepale penye taa. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili niliendesha gari nikiwa na raha. Ndugu msomaji, nakiri kwamba niliona fahari. Nilijihesabu kuwa mtu aliyetatua tatizo.

Muhula wa pili wa mwaka ule, usiku mmoja wa manane, mlinzi wa shule alinigongea mlango. Mvulana wa kidato cha pili alikuwa ameshikwa na pumu, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Shule yetu iko bondeni, na kuifikia hospitali ni lazima mtu apande mlima mrefu. Tulimlaza kiti cha nyuma akiwa na mtunza bweni, na kiranja wake akaketi mbele pamoja nami. Kwa wiki nzima kabla ya usiku ule nilikuwa nimehisi gari likitetemeka nilipokanyaga mafuta, nami nikasema ni barabara. Sasa tulipoanza kupanda, nguvu ziliisha. Nilikanyaga hadi mwisho, lakini gari lilijikokota kama punda aliyebebeshwa saruji, likatetemeka, kisha likasimama. Katika kimya kile tulisikia jambo moja tu, nalo ni pumzi za yule mtoto zikitafuta njia.

Niliwasha tena injini, ikanguruma kwa kigugumizi. Hapo ndipo kiranja, aliyekuwa akiitazama dashibodi, aliponiuliza kwa adabu zote, "Mwalimu, mbona kuna mwanga unaopepesa chini ya kanda hii?" Niliibandua. Taa haikuwa imetulia tena kama nilivyoizoea, bali ilikuwa ikiwaka na kuzimika haraka haraka, kama mtu anayepiga kelele huku amezibwa mdomo. Sikujua maana yake, ila nilijua kwamba haikuanza usiku ule.

Mungu si Athumani. Ilipokaribia saa kumi alfajiri ilipita pikapu ya kubebea maziwa, na mwenyewe, ambaye hakutuuliza hata shilingi, akamchukua mgonjwa wetu hadi hospitalini. Mtoto alipona, na leo anajiandaa kufanya mtihani wake wa mwisho. Lakini kila nimwonapo uwanjani akikimbia nakumbuka kwamba kati ya uhai wake na uzembe wangu palikuwa na pikapu moja tu.

Gari lilivutwa hadi kwa fundi mwingine, mzee mtulivu mwenye miwani, ambaye ningependa kila mwalimu wa sayansi amwone akifanya kazi. Naye pia alichomeka kifaa chini ya usukani, lakini hakukimbilia kufuta. Alisoma kwanza. Kompyuta ya gari ilikuwa imehifadhi herufi moja na tarakimu nne: P0302. Alinieleza kwamba alama hiyo ina maana kuwa silinda ya pili ilikuwa ikishindwa kuchoma petroli ipasavyo. "Lakini haijaniambia ni kifaa gani kibovu, Mwalimu," akasema. "Imeniambia mahali penye maumivu tu. Ugonjwa nitautafuta mwenyewe." Akaitoa koili ya kuwashia ya silinda ya pili, akaihamishia katika silinda ya kwanza, na ya kwanza akaipeleka katika ya pili. Akaliendesha gari kidogo, akasoma tena. Safari hii kompyuta ilisema P0301. Hitilafu ilikuwa imeifuata koili. Kwa dakika ishirini mzee yule alikuwa amekisia, amejaribu na kuthibitisha, mambo ambayo sisi hutumia vipindi vizima kuyaeleza kwa chaki.

Koili ile iligharimu shilingi elfu tatu. Lau ningeibadilisha taa ilipowaka mara ya kwanza, hadithi ingekuwa imekwisha hapo. Bali petroli isiyochomwa huwa haikai bure. Hutoka injinini na kuingia katika bomba la moshi, ambamo mna kifaa cha kusafishia hewa chafu, chenye vijitundu vyembamba kama vya sega la nyuki. Humo huungua, na joto lake huweza kukiyeyusha kifaa hicho na kukiziba. Ndiyo maana taa hupepesa: katika magari mengi taa ya injini iliyotulia humwambia dereva aende akapimwe, lakini inayopepesa humwambia apunguze mwendo mara moja na atafute mahali salama, kwa kuwa uharibifu unaendelea dakika ileile. Kifaa changu kilikuwa kimeziba, injini ikawa haiwezi kupumua sawasawa na yule mtoto aliyelala nyuma yake. Nililipa zaidi ya shilingi elfu arobaini.

Nilimwuliza mzee kwa nini taa haikuwaka siku nililolinunua gari. Alitabasamu. Kumbukumbu ya kompyuta ikifutwa, taa huzimika, na gari huhitaji kuendeshwa kwa muda ndipo kompyuta ijipime upya na kuligundua tena kosa lilelile. Muda huo humtosha mtu kuuza. Kisha akanifundisha jambo ambalo nawasihi wasomaji walikate na kulihifadhi. Unapotaka kununua gari, zungusha ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha injini. Taa ya injini, ya mafuta ya kulainishia, ya betri na nyinginezo za onyo ni lazima ziwake zote, kama wanafunzi wanaoitika majina yao. Injini ikishawaka, ni lazima zizimike. Ile isiyozimika ina jambo la kukuambia. Lakini ile isiyowaka kabisa ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa maana huenda kuna mtu aliyeinyamazisha kabla yako.

Akaongeza kwamba rangi zina lugha yake. Nyekundu ni amri, manjano ni ushauri wa haraka, na kijani au buluu ni taarifa tu. Taa nyekundu ya mafuta ya kulainishia ikiwaka unapokwenda, zima injini papo hapo, maana dakika chache zatosha kuiua. Taa nyekundu ya breki nayo ina hila yake. Kadiri vibao vya breki vinavyolika ndivyo mafuta ya breki yanavyoshuka katika kikombe chake, hata taa ikawaka. Fundi mvivu huongeza mafuta, taa ikazimika, mteja akafurahi, na vibao vikaendelea kulika.

Kuna jambo jingine ambalo walimu wenzangu wa historia watalipenda. Taa ya injini katika sura yake ya leo haikuzaliwa kwa ajili ya kumlinda mwenye gari. Ilizaliwa kwa ajili ya hewa. Jimbo la California, lililosumbuliwa na moshi wa magari, ndilo lililotangulia kutaka gari lijipime lenyewe, na ilipofika 1996 magari madogo yote mapya yaliyouzwa Marekani yalitakiwa kuwa na mtambo wa namna moja wa kujipima. Ulaya ikafuata mnamo 2001 kwa magari ya petroli. Kwa hiyo anayeifunika taa hiyo hajidhuru peke yake, bali pia anamfukizia moshi mtoto anayetembea kando ya barabara kwenda shule.

Najua nitapingwa. Kuna atakayesema kwamba mara nyingine taa hudanganya, na kilichoharibika ni kile kifaa cha kupimia tu. Ni kweli, hutokea. Lakini utajuaje kwamba imedanganya iwapo hukuisikiliza? Mwingine atauliza mwalimu atapata wapi pesa za kumpelekea fundi kila mara taa inapowaka. Swali hilo ni zito, nami si mgeni wa payslipu ya mwalimu. Jibu langu ni kwamba nilimlipa fundi wa kwanza shilingi elfu tatu ili anyamazishe taa mara tatu, nayo ndiyo bei halisi ya koili. Wa tatu atanikumbusha kwamba ajali haina kinga. Tangu 2021 barabara zetu zimewaua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Siamini kwamba wote hao hawakuwa na kinga. Wako waliokuwa na kinga, nayo ilikuwa imefunikwa kwa kanda.

Sasa nirejee darasani, kwa sababu huko ndiko nilikotoka na ndiko aibu yangu ya pili iliko. Muhula ule ule nilioifunika taa ya gari, wastani wa darasa langu katika insha ulikuwa umeshuka. Niliulizwa mkutanoni kulikoni. Sikukaa na wanafunzi kuchunguza kama hawasomi, au hawaelewi, au mimi ndiye nisiyeeleweka. Nilitunga mtihani mwepesi zaidi. Wastani ukapanda, nikapongezwa, na wanafunzi wakabaki palepale walipokuwa. Niambieni, tofauti ya mtihani ule na ile kanda nyeusi ni ipi?

Wala si mimi peke yangu. Mnamo 2015 udanganyifu ulikithiri katika mtihani wa kitaifa wa kidato cha nne, na watahiniwa zaidi ya 2,600 wakapata alama ya A. Mwaka 2016, baada ya bodi ya Baraza la Mitihani kuvunjwa na ulinzi wa karatasi kukazwa, waliopata A walikuwa 141. Sababu za mshuko huo zilijadiliwa sana, lakini hakuna awezaye kunishawishi kwamba akili za vijana wa Kenya ziliyeyuka katika miezi kumi na miwili. Sehemu ya zile alama za awali ilikuwa kanda. Ilipobanduliwa, taifa zima likaona taa iliyokuwa ikipepesa chini yake kwa miaka, na wengi wetu tukamkasirikia aliyeibandua.

Kwa hiyo nina mapendekezo machache. Kwanza, kufuta kumbukumbu za kompyuta ya gari au kukata taa ya onyo ili kumpumbaza mnunuzi kuhesabiwe kuwa ulaghai sawa na kurudisha nyuma mita ya kilomita, na ukaguzi wa magari uanze kwa kuzungusha ufunguo ule hatua moja. Pili, vyuo vyetu vya ufundi viwape vijana uwezo wa kusoma na kuthibitisha, si wa kufuta tu, kwa maana kifaa kilikuwa kilekile mikononi mwa mafundi wangu wawili, na kilichowatofautisha ni subira. Tatu, sisi walimu wa Kiswahili tusaidie kuandika maelezo ya taa hizi kwa lugha anayoielewa dereva, ambaye leo analazimika kuchagua kati ya kitabu cha Kijapani na uvumi wa kijiweni.

Nanyi wanafunzi, mkirudishiwa karatasi yenye alama 38, msiikunje na kuificha chini ya godoro. Alama hiyo si tusi wala si hukumu. Ni P0302. Inakuonyesha mahali penye maumivu, na haijakuambia sababu. Ipeleke kwa mwalimu wako, mhamishe koili hii na ile hadi mpate ukweli. Mwalimu akikwambia, "Usijali, nitakuongezea alama," mwogope kama ningalivyopaswa kumwogopa fundi wangu wa kwanza.

Gari langu bado ninalo. Mahali palipokuwa na kanda pamebaki alama ya gundi ambayo sijaifuta, na sina nia ya kuifuta. Kila asubuhi nazungusha ufunguo hatua moja, nangoja taa zote ziitike, kisha nawasha. Juzi ile ya manjano iliwaka tena. Jioni ile ile nilikuwa kwa mzee mwenye miwani.